Kocha Naye Ahitaji Mlezi

Timu ikifungwa sote humlaumu kocha mkuu. Ni mara chache tunajiuliza: yeye alifundishwa na nani kuongoza?

Vyuo vikuu vya Marekani vina mfano mzuri katika mpira wa kikapu. James Naismith, aliyebuni mchezo huo mwaka 1891, alimfundisha Phog Allen katika Chuo Kikuu cha Kansas. Allen naye akawa kocha, akamfundisha Dean Smith. Naismith alishinda michezo 55 na kushindwa 60. Kumbe mlezi si lazima awe na kabati la vikombe.

Smith alikabidhiwa timu ya Chuo Kikuu cha North Carolina mwaka 1961, akiwa na miaka 30. Mwaka 1965 timu ilirudi chuoni baada ya kufungwa, ikakuta wanafunzi wametundika sanamu yake kwa kamba. Hakukimbia. Alistaafu mwaka 1997 akiwa na ushindi 879.

Katika miaka hiyo alilea na wengine. Roy Williams alikuwa msaidizi wake kwa miaka 10. Kansas ilipotafuta kocha mwaka 1988, Smith alimpendekeza Williams, ingawa hajapata kuwa kocha mkuu wa chuo chochote. Baadaye Williams alirudi North Carolina na kutwaa ubingwa wa taifa mwaka 2005, 2009 na 2017.

Kwa nini malezi hayo ni muhimu? Kwa sababu msaidizi hushauri, mkuu huamua. Kumwambia kijana kwamba leo hachezi, au kukabili wazazi wenye hasira, hakumo katika mbinu za mchezo. Hujifunzwa kando ya aliyekwisha kuyapitia.

Hata mimi nilitoka chuoni na stashahada, nikijua kuandika habari. Nilipofanywa msimamizi wa zamu, nilimkaripia mwenzangu aliyenizidi umri mbele ya watu. Mzee mmoja wa chumba cha habari aliniita pembeni: "Mwanangu, mtu husahihishwa faraghani." Somo hilo sikulipata darasani.

Basi, enyi viongozi wa michezo vyuoni, mnapomkabidhi kijana timu, msimpe jezi na mipira tu. Mpeni pia mtu wa kumwendea usiku ule timu inapofungwa.