Nafuu ya Kodi Wakati wa Korona Ilimfikia Nani?

Kisa cha kwanza cha ugonjwa wa korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku kumi na mbili baadaye, Rais Uhuru Kenyatta aliwatangazia wananchi kwamba kiwango cha juu kabisa cha kodi ya mapato kingeshuka kutoka asilimia 30 hadi 25, na ushuru wa thamani ya ziada, ambao wengi wetu tumezoea kuuita VAT, kutoka asilimia 16 hadi 14. Mfanyakazi aliyepata Sh24,000 kwa mwezi, au chini ya hapo, aliondolewa kodi ya mshahara kabisa. Tangazo hilo lilipokelewa kwa shangwe, na waama hakuna mbeba mzigo akataaye kutuliwa. Lakini sasa hofu ile imetulia, na yafaa tuulize swali ambalo wakati ule halikupata nafasi: nafuu hiyo ilimfikia nani?

Tuanze na mshahara. Wachukue watu watatu, na tuyaache kando makato mengine. Aliyekuwa akipata Sh24,000 alikuwa akilipa kodi ya takriban Sh1,580 kwa mwezi kabla ya Aprili mwaka huo. Akawa halipi kitu. Aliyepata Sh50,000 alilipa takriban Sh7,650. Ikashuka hadi Sh4,370, yaani akaokoa karibu Sh3,300. Aliyepata Sh200,000 alilipa zaidi ya Sh52,600; akashuka hadi Sh41,500, na kwa hivyo kila mwezi akabaki na Sh11,000 na ushei ambazo hakuwa nazo awali. Msomaji hahitaji kuwa bingwa wa hisabati kuona kwamba aliyekuwa nacho kingi ndiye aliyeongezewa kingi, ingawa ni kweli kwamba kwa kadiri ya kodi waliyokuwa wakilipa, yule wa chini ndiye aliyesamehewa zaidi.

Kuna mtu wa nne ambaye hesabu hiyo haikumgusa. Shule zote zilifungwa katikati ya mwezi huo wa Machi. Mwalimu aliyeajiriwa na TSC aliendelea kupokea mshahara wake, tena ukiwa umenona kidogo kwa sababu ya kodi iliyopunguzwa. Mwenzake wa shule ya kibinafsi, ambaye labda walisomea ualimu katika chuo kimoja, aliambiwa asubiri nyumbani. Wengi wao walisubiri bila mshahara kwa miezi, na baadhi walirudi na kukuta shule zenyewe zimefungwa kabisa. Huyo umpunguzie kodi ya mapato gani ilhali mapato yenyewe hana?

Hapa ndipo tofauti ya kodi hizi mbili inapodhihirika, na ajabu ni kwamba ugonjwa ulitufundisha jambo hili vizuri kuliko vitabu. Kodi ya mapato huuliza kwanza: umepata nini? Mtu anapofutwa kazi, kodi hiyo humwacha papo hapo, bila tangazo la Rais wala kikao cha Bunge. Ina huruma ndani yake tangu ilipoundwa. VAT haiulizi. Imekaa ndani ya bei ya sabuni, sukari na mafuta ya kupikia, na humdai aliyefutwa kazi jana sawasawa na anavyodaiwa waziri. Kwa hivyo, ikiwa ipo kodi iliyohitaji kushughulikiwa kwa bidii wakati wa janga, ni hii isiyouliza. Kuishusha ile nyingine kwa watu wa mishahara mikubwa ambao hawakupoteza hata shilingi kulikuwa ukarimu uliokosa anwani.

Wanafunzi wanaosoma somo la Biashara wamefundishwa masharti manne ya kodi njema ambayo Adam Smith aliyaeleza mwaka 1776: haki, uhakika, wepesi kwa mlipaji na gharama ndogo za kukusanya. VAT hufaulu vyema katika hayo matatu ya mwisho. Si ajabu kwamba Kenya, iliyokuwa na kodi ya mauzo tangu 1973, iliigeuza kuwa VAT mwaka 1990, wala si ajabu kwamba kila Hazina inapoona mfuko umepungua, huikimbilia. Kikwazo ni lile sharti la kwanza. Tuseme familia yenye Sh10,000 kwa mwezi inanunua bidhaa za Sh5,800, bei ikiwa pamoja na VAT ya asilimia 16. Humo mna kodi ya Sh800, yaani asilimia 8 ya kipato chote. Tajiri wa Sh200,000 akinunua bidhaa za Sh58,000 na kuweka akiba zinazosalia, kodi yake ni Sh8,000, nayo ni asilimia 4 tu.

Wanaoitetea VAT wana hoja mbili ambazo si za kupuuzwa. Ya kwanza ni kwamba unga wa mahindi, mkate wa kawaida na mboga za sokoni havikutozwa ushuru huo, kwa hivyo sahani ya maskini ilikuwa na kinga kiasi. Hoja ya pili ni nzito zaidi. Kodi ya mapato humwandama mwenye hati ya malipo, yaani mwalimu, muuguzi na karani, huku mwenye majumba ya kupangisha akificha kodi za nyumba zake. Mtu huyo akinunua gari jipya, VAT humnasa. Nakubali. Lakini dawa ya mkwepaji ni kumtafuta mkwepaji, si kumtuma muuza mitumba akamlipie.

Turudi kwenye zile asilimia mbili zilizopunguzwa. Familia yetu ya Sh10,000 ingeokoa Sh100 kwa mwezi. Mia moja! Tena ingeziokoa tu iwapo muuzaji angekubali kuteremsha bei, jambo ambalo hakuna aliyemlazimisha kulifanya. Wakati huohuo tulihimizwa usiku na mchana kunawa mikono kwa sabuni, na sabuni hiyohiyo ilitozwa VAT ya asilimia 14. Serikali ilitenga Sh10 bilioni zaidi kwa wazee, mayatima na wengine wasiojiweza, na hizo angalau zilikuwa na anwani. Ningependa fedha zilizorudishwa kwa wenye mishahara minono zingeelekezwa huko.

Nafuu yenyewe haikudumu. Tarehe 1 Januari 2021 VAT ilirudi asilimia 16 na kodi ya mapato ikarudi asilimia 30. Siku tatu baadaye, tarehe 4, shule zilifunguliwa kikamilifu, na wazazi wakaingia madukani kununua vitabu vya kiada ushuru ukiwa umepanda upya. Lililosalia ni ule msamaha wa wanaopata hadi Sh24,000, na kwa hilo waliotunga sheria wanastahili heko.

Tangu hapo mizani imekuwa ikiyumba. Gesi ya kupikia ilitozwa VAT ya asilimia 16 Julai 2021, ikapunguziwa hadi asilimia 8 mwaka uliofuata, kisha ikaondolewa mwaka 2023. Mwaka huohuo wa 2023 VAT ya petroli ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na wenye mishahara ya zaidi ya Sh800,000 wakawekewa kiwango cha asilimia 35 kwa kinachozidi hapo. Mwaka 2024 mkate nao ulitajwa katika mswada wa fedha, ule uliowatoa vijana barabarani mwezi wa Juni na ambao Rais William Ruto alikataa kuutia sahihi.

Maradhi mengine yatakuja, kwani wataalamu wa afya hawajaacha kutuonya. Bunge lisingoje hadi siku ya hofu ndipo lianze kukisia. Laweza kuandika leo, kukiwa na utulivu, orodha ya bidhaa zitakazofutiwa VAT mara tu dharura ya afya inapotangazwa, pamoja na namna ya kumkagua muuzaji asiyeshusha bei. Sabuni ya kipande iwe ya kwanza katika orodha hiyo.