"Gharama za Oda" si "Gharama za Kazi"

Karakana itengenezayo vitu kwa oda ya mteja hufungua kadi ya gharama kwa kila oda. Tuseme imeagizwa madawati 20: mbao na misumari shilingi 600,000, ujira wa mafundi shilingi 200,000, na fungu la gharama za pamoja, kama vile pango na umeme, shilingi 100,000. Jumla ni shilingi 900,000, yaani 45,000 kwa kila dawati. Mfasiri akiuita utaratibu huu "gharama za kazi", msomaji aweza kudhani kuwa ni ujira peke yake. Akipanga bei kwa hesabu hiyo, dawati litaonekana kugharimu shilingi 10,000 tu, na karakana itapata hasara. Hivyo twapendekeza istilahi "gharama za oda".