Diski ya Kuanzishia Kompyuta ya Chama

Mfumo endeshi wa kompyuta ya chama cha msingi ukiharibika katikati ya msimu wa mauzo, malipo ya wakulima huchelewa. Diski yenye mfumo wa kuanzishia humwezesha katibu kuifungua mashine na kunakili hesabu za wanachama, iwapo hifadhi ya ndani ni nzima. Makatibu wa vyama vya Songea wanashauriwa kuzingatia mambo matatu.

Kwanza, ujazo. CD hubeba megabaiti 700; DVD ya tabaka moja gigabaiti 4.7, na ya matabaka mawili 8.5. Kisomaji cha CD pekee hakisomi DVD.

Pili, aina. CD-R na DVD-R huandikwa mara moja. Yaliyomo hayafutiki kwa bahati mbaya, hivyo zafaa kuwekwa kabatini. Zenye alama RW huandikwa tena na tena, lakini huakisi mwanga hafifu, na visomaji vikuukuu huweza kushindwa kuzisoma.

Tatu, urekodi. Faili la ISO lisinakiliwe kama barua ya kawaida, bali lirekodiwe kwa amri yake maalumu, kisha lihakikiwe.

Diski ijaribiwe kabla msimu haujafunguliwa.