Kompyuta Isimalize Bando la Kikundi

Vikundi vingi siku hizi vina kompyuta ya kuandikia kumbukumbu za mikutano na hesabu za mikopo. Intaneti hutoka kwa simu ya mwanachama mmoja, kwa bando lililonunuliwa na pesa za kikundi. Na mara nyingi tunasikia malalamiko haya: katibu amewasha mashine atume barua moja tu, na kabla hajamaliza, bando limekwisha! Au mweka hazina yuko katikati ya hesabu, na mashine inajizima na kujiwasha tena. Wengine husema ni virusi. Kwa kawaida ni masasisho.

Masasisho ni nini?

Kompyuta nyingi hutumia Windows, programu kuu ya kampuni ya Microsoft. Kila mwezi, Jumanne ya pili, kampuni hiyo hutoa marekebisho ya kuziba nyufa ambazo wezi wanaweza kupitia. Kompyuta huyavuta yenyewe, na yanaweza kufika mamia ya megabaiti au zaidi.

Je, tuyakatae kabisa?

La. Machi 2017 Microsoft ilitoa marekebisho ya kuziba ufa fulani. Mei mwaka huo, virusi vilivyoitwa WannaCry vikapitia ufa huo huo kwenye mashine ambazo hazikuwa zimesasishwa. Vilifunga kazi za watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai pesa. Hata hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu. Hebu fikirini daftari lenu la mikopo likifungwa hivyo! Basi tusikatae masasisho, ila tuyapangie wakati.

Fanyeni hivi kwa Windows 11:

1. Lindeni bando. Fungueni Settings, halafu Network & internet, kisha Wi-Fi. Ingieni kwa properties za simu mnayotumia, mwashe Metered connection. Mashine itajua kuwa intaneti hiyo inalipiwa, na itaacha kuvuta masasisho mengi yenyewe.

2. Lindeni saa za kazi. Kwa Settings, ingieni Windows Update, halafu Advanced options, kisha Active hours. Wekeni saa zenu. Mwisho ni saa 18 kwa siku. Katika saa hizo mashine haitajizima yenyewe ili isasishwe.

3. Ahirisheni. Hapo kwa Windows Update kuna Pause updates. Mnaweza kuahirisha hadi wiki 5. Muda ukiisha, lazima msasishe kwanza kabla ya kuahirisha tena.

4. Wekeni siku moja kila mwezi. Pelekeni mashine shuleni au saiba penye Wi-Fi. Kwanza nakilini hesabu kwa flashi. Betri ijae na stima iwepo, maana mashine ikizimika katikati inaweza kuharibika.

Wenye Windows 10 wakumbuke: marekebisho ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Muulizeni fundi kama mashine yenu inaweza kupokea Windows 11, kwa sababu nyingi za zamani haziwezi.

Katika mkutano ujao, amueni ni nani atakayeshughulikia kazi hii, siku gani, na kwa pesa ngapi. Andikeni kwa kumbukumbu. Kazi isiyo na mwenyewe haifanywi na mtu.