Maji Kwanza, Gari Baadaye

Jamani, mimi na mume wangu tulinuniana wiki mbili. Mimi nataka tanki la maji ya mvua, yeye anataka gari. Jumamosi akarudi hapa Same na boksi: Dune: Imperium, mchezo wa mezani wa mwaka 2020 uliobuniwa na Paul Dennen. Uwanja wake ni Arrakis, sayari ya jangwa. Nikacheka; si ndiyo Same hii wakati wa kiangazi!

Unaanza na karata 10 na wajumbe 2. Karata inamtuma mjumbe mahali. Ukiwahi wewe, mwenzio anasubiri raundi ijayo. Karata kali unazinunua polepole. Na bila maji, jangwani kwenye kiungo kingi hufiki.

Mzee alikimbilia fedha. Maji yakamwishia, wajumbe nao wakaisha. Akakuna kichwa. Nikamkumbusha ndiva, yale mabwawa ya wazee wetu wa Upare: maji yanahifadhiwa kwanza, ndipo yanagawanywa kwa zamu.

“Haya mke wangu, tanki litangulie.”

Kumbe alichokataa kwa maneno, alikielewa mezani. Na ninyi, mnabishania nini?