Wazee wa Keya na Mlango wa Kilindini

Asimamaye Likoni leo akautazama mlango wa bahari wa Kilindini, feri zikivusha umma na meli za makontena zikielekea Kipevu, huenda isimpitie akilini kuwa kwa maji haya haya walitoka vijana wa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu hawakuliita ila Keya, kwenda kupigana vita ambavyo asili yake haikuwa kwao wala faida yake hawakuahidiwa wao.

Baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon mnamo Aprili 1942, Waingereza walihamishia Kilindini manowari zao za Bahari ya Hindi, wakaigeuza Skuli ya Allidina Visram kuwa mahali pa kunasa na kufumbua siri za adui, na huko Changamwe uwanja wa Port Reitz ukahudumia ndege za vita.

Mwanzo wa Februari 1944 merikebu Khedive Ismail iling'oa nanga Kilindini ikielekea Colombo, pamoja na nyingine nne, ikiwa imechukua watu zaidi ya 1,500, wengi wao wapiga mizinga wa Rejimenti ya 301 ya Afrika Mashariki, na miongoni mwa abiria wakiwamo wauguzi wa kike. Tarehe 12, alasiri, upande wa Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Na kabla ya dakika mbili kutimia merikebu ilikuwa imekwisha kuzama, wala waliokuwa vyumba vya chini hawakupata wasaa wa kupanda ngazi. Lililofuata ni zito kulisimulia: nyambizi ilijificha chini ya wale waliokuwa wakielea, na manowari Petard, kwa kuzihofia roho zilizokuwa katika merikebu zilizosalia, ikatupa mabomu yake pale pale walipokuwa wakiogelea watu wangali hai. Walikufa 1,297, waliookoka walikuwa 200 na ushei.

Wenzao wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki waliwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw, nchini Burma, chini ya mvua za kusi zisizokatika, kwa matope na homa ya malaria, hata wakaingia Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin, mwanzo wa Desemba mwaka huo. Ni huko Burma, kama alivyosimulia Waruhiu Itote, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Jenerali China, ndiko askari Mwingereza alikomwuliza: sisi twapigania dola yetu, je, nyinyi Waafrika mwapigania nini? Swali hilo Itote alirudi nalo Kenya.

Na waliorudi walikuta nini? Bahashishi ya vita ilipimwa kwa rangi ya ngozi, Mzungu akipata hata mara tatu ya Mwafrika wa cheo kile kile. Mashamba ya nyanda za juu wakagawiwa askari Wazungu. Hiyo ilikuwa dhuluma iliyo dhahiri, nami sioni udhuru wa kuitetea.

Majina ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki waliozama na Khedive Ismail yamechongwa katika ukumbusho ulioko makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong. Ya waliorejea Likoni, Kisauni na Changamwe hayana jiwe. Basi ewe msomaji, ikiwa sandukuni mwa babu yako imo nishani au karatasi ya kuachishwa jeshi, itoe, waulize walio hai waliyoyasikia kwake, uyaandike.