Jihadharini na Mvuke wa Petroli na Asetoni

Katika karakana za Thika na Ruiru, mafundi wengi huondoa grisi kwenye vyuma kwa petroli au asetoni. Vitu hivi huyeyusha grisi ambayo maji matupu hayawezi kuiondoa, kisha hukauka upesi.

Lakini mvuke wake hauonekani, nao ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni hata ukafika penye jiko lililo mbali, na moto ukiwaka hurudi kwa kasi mpaka karai la fundi. Asetoni huweza kushika moto hata katika baridi ya digrii 20 chini ya sifuri, sembuse katika joto la Thika!

Basi, fanyeni kazi hiyo nje, mbali na moto na sigara. Msivitie katika chupa za soda, mtoto asije akanywa. Na panapotosha maji ya moto na sabuni, hayo ndiyo bora.